Niliziba Ufa

Kwa miaka thelathini na mbili nimewachekesha wageni kwa jina la Kasisi Fitch, ambaye alizikwa zamani na hana wa kumtetea.

Kijitabu kinachouzwa mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Botolph, hapa Maddleby, nilikiandika mimi, Raymond Tebbutt, mwashi mstaafu na mzee wa kanisa. Kina kurasa nane. Kinaanza na tao la mviringo waliloacha Wanormani, wavamizi wa kale, lenye meno kama ya msumeno, kinapita kwenye mnara uliokamilika muda mfupi kabla ya tauni kufagia nusu ya kijiji, kisha kinafika ukurasa wa sita, ninaoupenda kuliko zote. Hapo niliandika: "Mwaka 1868 Kasisi Ambrose Fitch, kwa upendo mkubwa, aliliharibu kanisa." Maana bwana huyo alikwangua lipu yote ya ndani apate kuyaona mawe, na pamoja na lipu zikaondoka picha za watakatifu zilizokuwa ukutani miaka mia nne na zaidi. Watakatifu wazima wazima walitolewa nje kwa toroli. Wageni wakifika hapo hucheka, nami huwangoja wamalize, kisha nawaambia, "Mjinga akikipenda kitu chako, kifiche."

Harriet Lovell naye alicheka. Huyu ndiye msanifu majengo aliyeletwa Oktoba ile kwa ukaguzi, kwa kuwa kila miaka mitano kanisa ni lazima likaguliwe kutoka msingi hadi jogoo wa bati aliye kileleni. Msanifu wetu wa zamani alikuwa mzee mwenye macho mabovu, aliyekagua mnara akiwa ameketi na kikombe cha chai mkononi. Tulimpenda sana. Huyu binti alikuja na ngazi.

"Mzee Tebbutt, huyu Fitch umemwonea," alisema, akikitia kijitabu mfukoni.

"Kafa huyo. Hatashtaki."

Alipanda ngazi upande wa kusini wa mnara, mimi nikaishika chini. Jiwe la kwetu ni la rangi ya kutu na si gumu. Ukilikuta jua limelipiga asubuhi utadhani ni mkate. Alichomoa bisibisi akaigusisha kwenye jiwe moja chini ya dirisha. Ikazama. Unga mwekundu ukanimwagikia kwenye kofia.

"Nani alijaza viungo hivi kati ya mawe?" aliuliza kutoka juu.

Swali hilo nililingojea tangu mwaka 1971. "Mimi!" nilijibu, kifua mbele. "Kiangazi kizima, kwa kujitolea. Saruji safi, moja kwa mchanga mara tatu. Tazama kwenye kona, herufi zangu zipo. Kwingine mawe yamelika, lakini saruji yangu imesimama pale pale. Wageni wote nawaonyesha."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Hata leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Alishuka polepole. "Tukae kidogo pale kwenye benchi."

"Mimi nasikia vizuri nikiwa nimesimama."

"Sawa. Ukuta huu unaishi kwa kupumua, mzee wangu. Mvua inaingia, kisha inatoka kupitia viungo, kwa sababu waliojenga walitumia chokaa, na chokaa ni laini kuliko jiwe. Wewe umeweka saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi kitu. Kwa hiyo maji yakiingia, pa kutokea ni kwenye jiwe lenyewe. Baridi ikija yanaganda, yanavimba, yanabandua uso wa jiwe. Ndiyo maana saruji yako imebaki imetokeza. Haikusimama kwa nguvu zake. Jiwe ndilo lililorudi nyuma."

"Kwa miaka arobaini na minne?"

"Kila msimu wa baridi."

Alinionyesha ufa. Nilikuwa nimeuona, nikadhani ni wa juu juu tu. Ulianzia dirisha la kengele ukashuka hadi usawa wa ngazi ya ndani, na ndani ya ukuta, alisema, kifusi kilichoshikilia pande mbili kimelowa kimekuwa tope. Kengele zisipigwe tena. Akiandika alichokiona siku hiyo, dayosisi itaagiza mnara uteremshwe hadi usawa wa paa.

"Sema ubomolewe, binti yangu. Kinachoteremshwa ni kengele."

"Ubomolewe," alisema kwa sauti ndogo.

Nilibatizwa chini ya mnara ule. Doreen nilimwoa chini yake, na binti yetu Gillian alipoolewa kengele zilipigwa saa nzima. Mnara ulikwishaona tauni, wafalme, na askari wa vita vya ndugu kwa ndugu waliofunga farasi humo, na hakuna aliyeuweza. Nimekuja kuuweza mimi, tena kwa mwiko.

Harriet alikuwa amezunguka upande wa kaskazini. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. "Kule ulifanya nini? Mawe ya kule yana afya kama yamechongwa juzi. Kule pamejazwa chokaa."

"Kule sikufanya mimi."

Hakuuliza zaidi. Alifikiri, kisha akasema lipo jambo moja tu la kujaribu. Kama saruji yangu yaweza kutolewa bila kung'oa jiwe, basi viungo vingejazwa chokaa, ukuta ukaanza kukauka, na yeye angeupigania mnara mpaka mwisho. Nichague mahali upande wa kusini, nitoe saruji kuzunguka mawe kumi. Yakitoka salama hata nusu yake, ataandika mnara utengenezwe. Yasipotoka, ataandika lile jingine. Atarudi Ijumaa ya wiki ijayo.

"Yatatoka," nilisema.

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Shida ni kwamba ulifanya kazi nzuri mno, Mzee Tebbutt. Fundi mbovu angetuachia nafasi."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye jukwaa la mbao ukutani, na nyundo na patasi, na miaka yangu sabini. Nilipiga kiungo cha kwanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Saruji ilitoka kwa kipande kirefu, na nyuma yake ukang'oka uso wote wa jiwe, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. La pili hivyo hivyo. La tatu nilitumia patasi nyembamba zaidi, nikazuia hata pumzi. Likagawanyika mara mbili. La nne sikulipiga kwa nguvu yoyote, nililigusa tu. Kufika saa sita mchana nilikuwa na ndoo imejaa vipande vya mnara, nami nimekaa kwenye ubao nalia kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba. Niliuziba kwa jasho langu na kwa ujuzi wote niliokuwa nao, na kwa kuuziba nikaubomoa ukuta.

Doreen alikuja na chupa ya chai na mkate wa jibini. Mke wangu hana maneno mengi, ila kila alilo nalo lina ncha.

"Mangapi?"

"Manne."

"Yaliyopona?"

"Yaliyokufa. Hakuna lililopona."

Alinimiminia chai, akangoja ninywe. "Ray, nenda kwa Lionel."

"Lionel gani?"

"Usinifanyie utoto. Una kaka mmoja tu duniani."

Kaka yangu Lionel anakaa mwisho wa kijiji, baada ya daraja. Tumepishana njiani kwa miaka arobaini na minne bila salamu. Mama alipofariki tulibeba jeneza, yeye kulia, mimi kushoto, na hatukutazamana. Yeye ndiye aliyejaza upande wa kaskazini.

Tulianza kazi pamoja kiangazi kile cha 1971. Lionel alijifunza uashi kwa babu, na alikuwa na shimo la chokaa nyuma ya nyumba, ameiloweka tangu mwaka uliotangulia. Mimi nilitoka chuo cha ufundi na cheti mfukoni, miaka ishirini na sita, najua kila kitu. Nilimwambia chokaa ni mambo ya mababu. Akanijibu, "Ya mababu si ndiyo imesimama?" Mimi nikashika kusini, yeye akashika kaskazini. Jumapili moja baada ya ibada niliwaita watu wote upande wake, kasisi akiwemo, nikakwangua chokaa ya kiungo chake kwa ukucha wa kidole gumba. Ikatoka, nyeupe, laini. Nikauinua mkono wote waone. "Jamani, hii ni kazi au uji?"

Watu walicheka. Kasisi alicheka. Lionel alikuwa juu ya ngazi. Alishuka, akaosha mwiko wake kwenye ndoo, akaufuta, akaondoka. Tangu siku hiyo akahamia kwa Wamethodisti, kanisa lao la matofali lililo ng'ambo ya barabara, na kwetu hakukanyaga tena hata Krismasi. Nilikusudia kuurudia upande wake kwa saruji, lakini baridi iliwahi, na kaskazini hakuna anayepita. Hiyo ndiyo bahati pekee ambayo mnara uliwahi kuipata kutoka kwangu.

Nilimkuta bustanini, ameinama kwenye vitunguu vyake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ugonjwa ule ulimwanza miaka mitano nyuma, nilisikia kwa watu. Hakuinua kichwa.

"Umepotea njia?" aliuliza.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Kumbe adabu zilikuwepo, zilichelewa tu kuota."

Nilistahili. Nikaanza kumweleza habari ya msanifu, akanikatiza. "Kusini, chini ya dirisha, siyo? Na kule kwenye kona palipo herufi zako."

"Nani kakwambia?"

"Macho ninayo." Alijinyoosha kwa taabu, akajipangusa udongo. "Unataka nini, Ray?"

"Nimeng'oa manne, yote yamekufa. Yamebaki sita. Natakiwa niokoe matano. Kaka, wanaubomoa." Nilivua kofia. "Nisaidie. Nitukane utakavyo, lakini nisaidie kwanza."

Aligeuka akautazama mnara. Kisha akasema, "Kalete mashine ya kutobolea, ile ndogo. Na acha hiyo nyundo yako ya kuchinjia ng'ombe."

Siku iliyofuata aliingia kwa lango la makaburi kwa mara ya kwanza, nijuavyo mimi, tangu Jumapili ile. Hakuweza kushika patasi, mikono ilimkataa. Alikaa kwenye kiti cha kukunja juu ya jukwaa, karibu na bega langu, mimi nikawa mikono yake. Toboa katikati ya kiungo, tundu kwa tundu, saruji ipate pa kukimbilia. Kisha patasi nyembamba, na upige kutoka kwenye jiwe kwenda katikati, usipige kamwe kuelekea jiwe.

"Taratibu. Unamnyoa mtoto, humchinji."

"Nafanya taratibu!"

"Unafanya haraka kwa mkono mzito. Hivyo ndivyo ulivyo tangu kuzaliwa. Mama alisema ulitoka kabla mkunga hajavua koti."

Nilicheka, bila kutaka. Jiwe la tano lilituchukua siku nzima. Lilitoka zima. Kingo zake zote nne zilikuwa salama, na nyuma ya saruji jiwe lilikuwa baridi na lenye maji, kama mtu aliyetolewa kisimani, lakini zima. La sita nalo likatoka zima. Nilimkumbatia kaka yangu pale juu ya jukwaa, nusura tuanguke wote wawili, na kwa siku tatu nililala usingizi. Nilianza hata kupanga maneno ya kumwambia Harriet Lovell.

Alhamisi tulianza la saba. Nilitoboa, nikapiga kutoka kwenye jiwe kwenda katikati. Saruji ilitoka vizuri kabisa. Kisha jiwe lenyewe, ambalo hakuna aliyeligusa, likamomonyoka likaniangukia viganjani. Ndani lilikuwa tupu. La nane hivyo hivyo. La tisa hata sikulifikia, lilianguka lenyewe kwa mtetemeko wa mashine. La kumi Lionel alinishika mkono.

"Liache hilo. Limeoza."

"Hujui."

"Najua. Tulipofanya yale mawili tulikuwa na bahati. Haya yamekwisha zamani." Akalitazama lile jiwe, kisha akasema, kama anaongea na mwingine, "Miaka thelathini iliyopita yangetoka yote."

Nilishusha patasi. "Umejuaje?"

Alitazama kichaka kilichoota chini ya ukuta.

"Lionel. Umejuaje?"

"Nilijaribu." Mikono yake ilikuwa ikicheza mapajani kama samaki waliovuliwa. "Gillian wenu alikuwa anaanza shule. Niliona kila nikipita kwenda kanisani kwetu, jiwe linarudi nyuma. Siku moja ninyi wote mko ndani mnaimba, nikaja na kisu, kule chini nyuma ya kile kichaka. Nikatoa kiungo kimoja. Kilitoka safi, jiwe zima. Nikakijaza chokaa nikaenda zangu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia nimekosea!"

"Nilikuambia, Ray. Nilikuambia nikiwa juu ya ngazi, kiangazi kizima. Babu alisema chokaa ni ya kufa ili jiwe libaki. Ukaniuliza mbele ya kijiji kizima kama ni kazi au ni uji." Aliificha mikono yake kwapani. "Nikasema acha aone mwenyewe. Nikangoja uone. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila mwaka nikawa naona aibu zaidi kwa mwaka uliotangulia."

Tulikaa kwenye ubao, wazee wawili, miguu inaning'inia, na chini yetu ndoo tatu za unga mwekundu.

Harriet alikuja Ijumaa. Alihesabu mawili, akayahesabu tena kana kwamba yangeongezeka. Aliweka kiganja chake kwenye moja kati ya yale mawili, akasema kwamba hajawahi kuona saruji ikitolewa kwa ustadi namna ile. Nilimwambia asante. Kisha akasema, "Poleni sana," akatuangalia wote wawili, akaenda kuandika. Kabla ya jioni mafundi walikuwa wamezungushia uzio upande wote wa kusini, pamoja na ukumbi wa mlango tunaoingilia.

Jumamosi nilikaa mezani na kijitabu changu. Nilikata mstari wa Kasisi Fitch, maana sina tena haki ya kumcheka, nikaandika chini: "Mwaka 1971 Raymond Tebbutt, kwa upendo mkubwa, aliubomoa mnara." Doreen alisoma juu ya bega langu.

"Ongeza na Lionel."

"Lionel hakugusa kusini."

"Ndiyo maana nakwambia ongeza."

"Kosa lake ataliandika mwenyewe," nilisema, nikafunga kalamu.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno, ibada ya mwisho kabla kanisa halijafungwa kwa kazi ya kubomoa. Watu walijaza madirisha maboga, vitunguu, matufaha, na ule mkate mkubwa wenye umbo la mganda wa ngano. Kwa kuwa kusini kumefungwa, Kasisi Judith aliagiza mlango wa kaskazini ufunguliwe. Mlango huo haupitwi na mtu Maddleby. Wazee walikuwa wakisema huachwa wazi wakati wa ubatizo tu, shetani apate pa kutokea. Bawaba zake zilitiwa mafuta asubuhi ile. Kwa hiyo kijiji kizima, kilipomaliza wimbo wa mwisho bila kengele, kilitoka nje kupitia mlango wa shetani, na kila mtu akapita chini ya ukuta wa kaka yangu.

Lionel alikuwa amesimama kwenye nyasi, kwa koti lake jeusi la kanisani kwao, nadhani amekuja kuutazama kwa mara ya mwisho. Nilisimama. Watu waliokuwa nyuma yangu wakasimama pia, na maboga yao mikononi.

Nilikwenda ukutani nikaweka ukucha wa kidole gumba kwenye chokaa ya kiungo, nikakwangua. Ikatoka, nyeupe, laini, kama siku ile. Jiwe juu yake na chini yake lilikuwa zima, na alama za patasi ya aliyelichonga kabla ya tauni bado zinaonekana. Nikauinua mkono wote waone.

"Wazee wenu niliwauliza hapa hapa, hii ni kazi au uji," nilisema. Sauti ilikuwa mbovu lakini ilifika. "Wakacheka, kwa sababu niliwachekesha mimi. Kaka, hii ndiyo kazi. Ile yangu ndiyo uji."

Hakuna aliyecheka. Nilimngoja aje anipe mkono, au anitukane, lolote. Lionel hakunitazama. Alikuwa ameinua uso, anautazama mnara wote, kutoka chini hadi kwa jogoo, na machozi yanamshuka hadi kwenye kola.

"Nilijua, Ray," alisema, mbele ya watu wote. "Mungu anisamehe. Nilijua."